ORS Haisimamishi Kuhara

Kila pakiti ya ORS inayouzwa kwenye kemisti za mitaa ya Mountain View na Kangemi ingepaswa kubeba onyo hili kwa herufi kubwa: dawa hii haisimamishi kuhara. Wazazi wengi huipima kwa kazi isiyokuwa yake. Mtoto amenyweshwa tangu asubuhi, jioni bado anaharisha. Basi ORS inawekwa kando na kutafutwa dawa ya kukaza tumbo, au antibiotiki. Mzazi huyo simlaumu. Aliambiwa la kufanya, hakuambiwa sababu. Makala haya yanaieleza sababu hiyo.

Sababu yenyewe imo ndani ya seli zinazotanda ukuta wa utumbo mwembamba. Seli yenye afya huidhibiti kalsiamu vikali mno: kiwango chake ndani ya seli ni takriban mara 10,000 chini ya kile cha nje. Ndiyo maana ongezeko dogo tu hupokewa kama amri. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, huiteka amri hiyo. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba protini yao moja, NSP4, ni sumu ya utumbo: hupandisha kalsiamu, milango ya kloridi ikafunguka, kloridi ikamwagikia utumboni, sodiamu na maji vikaifuata. Mwaka 2020 ikabainika kwamba seli iliyoambukizwa huweza kurusha mawimbi ya kalsiamu hadi kwa seli jirani ambazo kirusi hakijazigusa. Sumu ya kipindupindu nayo hufungua milango ya kloridi, ila kwa ishara nyingine.

Upo mlango ambao maradhi haya hayaufungi kabisa. Agosti 1960, mjini Prague, mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba glukosi huingia kwenye seli za utumbo ikiwa imeandamana na sodiamu. Vikiingia hivyo viwili, maji hufuata. ORS imejengwa juu ya elimu hiyo: lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitrati. Maji yanayotoka yataendelea kutoka kwa muda. Kazi ya ORS ni kuyarudisha, ili mtoto awe hai utumbo utakapopona. Mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis alipowanywesha wakimbizi wa vita vya Bangladesh mchanganyiko wa aina hiyo kambini Bangaon, India, vifo vya kipindupindu vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Mzazi anayeelewa hayo ataona maana ya kila sharti. Pakiti ya lita moja haikorogwi kwenye kikombe, kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru. Soda haishiki nafasi yake, kwa kuwa sukari nyingi huvutia maji utumboni. Antibiotiki haiui virusi. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshika mapema. Na chanjo ya rota, inayotolewa Kenya tangu Julai 2014, humkinga mtoto kabla milango ya kloridi haijafunguliwa.

Wapo watakaosema mzazi aliyeshika mtoto mgonjwa hana nafasi ya somo la baiolojia. Nakubali, na ndiyo maana somo hilo lifundishwe mapema: kwenye benchi la kliniki ya watoto, na mlangoni mwa nyumba pale mhudumu wa afya ya jamii anapopita. Halizidi dakika mbili.

Kwa wenye kemisti nina ombi moja. Mnapompa mzazi pakiti, mwambieni hivi: "Mama, ataendelea kuharisha, wewe endelea kumnywesha. Akishindwa kunywa, macho yakizama, au ukiona damu kwenye choo, mkimbize hospitali." Hakuna dawa ya ziada inayohitajika kusema maneno hayo, na mtoto ambaye angeachishwa ORS saa ya jioni ataendelea kunyweshwa usiku kucha.