Macho kwenye Mtambo, Mkataba Sandukuni

Mtambo wa kuchimba mafuta haufichiki. Ukisimikwa katikati ya misitu ya misonobari ya Kaunti ya Amite, kusini-magharibi mwa Mississippi, taa zake huonekana usiku kutoka mbali, na kukicha kila mwenye shamba anajua ni kampuni gani imeingia na imeingia kwa nani. Kati ya 2011 na 2014 watu wa huko, pamoja na majirani zao wa ng'ambo ya mpaka, Louisiana, walijipa kazi isiyo na mshahara: kufuatilia visima. Walifungua SONRIS, kanzidata ya serikali ya Louisiana, kuona vibali vipya. Waliangalia mtambo umehamia wapi, malori mangapi ya mchanga yamepita, mwali wa gesi umewaka siku ngapi, na ramani ya kitalu kilichoombwa, yaani eneo la mashamba yatakayounganishwa chini ya kisima, inaishia kwenye uzio wa nani. Kwa dalili hizo kila mmoja alipiga hesabu ya ekari zake.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya juhudi hiyo ilielekezwa pasipo. Kisima cha majaribio kina mengi ya kumwambia mhandisi na mwekezaji. Mwenye ardhi kinamwambia machache, tena kwa kuchelewa. Fungu lake huamuliwa na karatasi mbili: hati ya shamba, na mkataba aliousaini kabla mtambo haujafika.

Chini ya misonobari hiyo, kwenye kina cha kilomita tatu hadi nne na ushei, kuna mwamba uitwao Tuscaloosa Marine Shale. Ni tope la bahari ya kale lililogandamana kuwa jiwe, na mafuta yamenaswa humohumo. Mwaka 1997 watafiti wa Louisiana State University walikadiria kuwa unaweza kutoa mapipa bilioni 7. Makadirio yalibaki vitabuni mpaka ufundi wa kuchimba kwa mlalo na kupasua mwamba kwa maji, mchanga na shinikizo ulipokomaa kwingineko nchini. Ndipo zikaja kampuni za Devon, Encana na Goodrich. Mwamba haukuwa mpole. Una udongo wa mfinyanzi mwingi, na una tabaka lililovunjikavunjika ambalo huporomoka na kukaba mabomba ya kuchimbia. Kisima kimoja kilikula zaidi ya dola milioni 10, na mapipa bilioni 7 ya kwenye karatasi hayakusema lolote kuhusu bei ya kuyatoa.

Msomaji wa Tanga au Lodwar atauliza mwenye shamba anahusika nini na mafuta. Swali ni la haki. Kisima cha Ngamia-1 kilipopata mafuta Turkana mwaka 2012, hakuna mfugaji aliyeketi na kampuni kujadili bei ya kilicho chini ya malisho yake, kwa sababu Kenya, kama Tanzania na Uganda, huyahesabu mafuta kuwa mali ya umma chini ya dola. Sheria ya Petroli ya Kenya ya 2019 inaitengea jamii ya eneo asilimia 5 ya mapato ya serikali. Mtu mmojammoja hulipwa fidia ya ardhi, mazao au nyumba. Marekani ni tofauti katika hili: huko mtu binafsi anaweza kumiliki mafuta yaliyo chini ya shamba lake, na kampuni inayoyataka sharti impigie hodi.

Anayepiga hodi kwa kawaida ni wakala wa kampuni, baada ya wiki kadhaa za kupekua hati katika masjala ya mahakama. Anakuja na malipo ya kusaini kwa kila ekari, ambayo ni mfano wa kishika uchumba: yanamfunga mwenye ardhi kwa miaka mitatu, mara nyingi na nyongeza ya miwili, bila kuilazimisha kampuni kuchimba hata shimo moja. Mafuta yakitoka, mwenye ardhi anapata mrabaha. Fungu la kimila lilikuwa moja ya nane. Waliojadiliana kwa ujasiri walipata moja ya tano, hata robo.

Sasa tazama mpangilio wa matukio. Kampuni hukusanya ekari kwanza, tena kimyakimya, kisha ndiyo huchimba. Habari njema ya kisima inapofika kijiweni, mashamba yanayokizunguka yameshasainiwa. Mapema 2013 Goodrich ilitangaza kuwa kisima chake cha Crosby 12H-1, Kaunti ya Wilkinson, kimefikia takriban mapipa 1,300 kwa siku, gesi ikihesabiwa humohumo. Wenye ardhi walishangilia. Lakini takwimu za aina hiyo ni za saa 24 bora kabisa za kisima kipya, na visima vya miamba ya namna hii hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake ndani ya mwaka wa kwanza. Anayekokotoa mrabaha wa miaka ishirini kwa kutumia siku hiyo moja anajidanganya.

Wapo wanaosema dawa ni kuzibana kampuni zitangaze matokeo yote mara moja. Kampuni nazo hujibu kwamba aliyetoboa shimo la kwanza kwa mamilioni yake ana haki ya kufaidi alichokigundua kabla mshindani hajadandia. Jibu hilo lina uzito: bila upendeleo kidogo kwa mtangulizi, nani angeanza? Mimi ningekubali usiri wa miezi michache. Ninachokataa ni imani kwamba habari peke yake ingemwokoa mwenye ardhi, na ushahidi uko Michigan. Mnamo Mei 2010 Encana ilitangaza matokeo ya kisima cha majaribio, State Pioneer, katika mwamba wa Collingwood. Mwezi huohuo mnada wa haki za uchimbaji kwenye ardhi ya jimbo uliingiza dola milioni 178, wastani wa dola 1,500 hivi kwa ekari. Mnada wa Oktoba ulishuka hadi chini ya dola 40 kwa ekari. Habari za kisima zilikuwa hadharani. Wanunuzi ndio walioacha kushindana. Waendesha mashtaka wa jimbo walidai Encana na kampuni nyingine, Chesapeake, zilipanga kutogombea mashamba yaleyale. Encana ililipa dola milioni 5 mwaka 2014 bila kupinga shtaka, na mwaka uliofuata Chesapeake ikakubali kutoa dola milioni 25 za kuwafidia wenye ardhi. Ungeweza kukariri kila kipimo cha kisima kile na bado ukalizwa.

Turudi kwenye karatasi, maana hapo ndipo penye utamu. Mpaka wa Mississippi na Louisiana katika eneo hili unafuata latitudo ya digrii 31 kaskazini, mstari ulionyooka unaokata msitu uleule na mwamba uleule. Kusini mwake, Louisiana, aliyeuza shamba akajibakizia haki ya mafuta huipoteza asipoitumia kwa miaka kumi, nayo humrudia mwenye ardhi wa sasa. Kaskazini mwake, Mississippi, haki iliyotenganishwa na ardhi inaweza kukaa mikononi mwa wageni vizazi na vizazi. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kutazama mtambo mmoja huku mmoja akiwa na mafuta na mwingine hana isipokuwa kelele na vumbi. Tena kuna kituko cha Louisiana: hata kisima kikavu, kikichimbwa kwa nia njema, huanzisha upya ile miaka kumi ya muuzaji wa zamani. Mwenye shamba anaweza kuhuzunika mara mbili kwa shimo moja.

Kisha kuna mirathi. Katika kaunti hizi familia nyingi, hasa za Wamarekani Weusi, zina ardhi ya babu isiyowahi kugawanywa rasmi, na warithi wametawanyika hadi Chicago na Detroit. Wakala akimpata mmoja aliye tayari kusaini kwa bei ndogo, waliobaki wanadhoofika mezani. Hapa ndipo ningeelekeza fedha za umma: wanasheria wa kuwapangia watu hati zao kabla ya wakala, si semina za jiolojia baada yake.

Na sheria ya kumlinda mwenye ardhi iandikwe kwa makini. Pennsylvania iliweka kiwango cha chini cha mrabaha cha moja ya nane tangu 1979, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo iliruhusu gharama za baada ya uzalishaji zikatwe kwanza. Wengi walibaki na moja ya nane ya kilichosazwa.

Bei ya mafuta, iliyovuka dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, ilikuwa chini ya 30 mapema 2016. Mitambo iliondoka Mississippi na Louisiana, na Aprili mwaka huo Goodrich iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika. Mashamba ya Encana yalinunuliwa 2017 na Australis, kampuni ya Perth, Australia. Mikataba mingi ilikuwa imekwisha muda, ila siyo yote: mkataba huendelea kuishi maadamu kisima kinatoa mafuta yanayolipa, na kisima kimoja kinaweza kushikilia kitalu cha zaidi ya ekari elfu moja. Hata ekari zilizo nje ya kitalu zinaweza kufungwa nacho, endapo mkataba hauna kifungu cha kuziachilia. Aliyekidai kifungu hicho mwaka 2012 ana ekari zake huru, ingawa tangu bei ianguke hajaona foleni ya wanaozitaka. Jirani yake asiyekidai hupokea hundi ndogo, na wakala mpya akija leo hana cha kumuuzia.