Ubobezi wa Muuguzi Ndio Kinga ya Mgonjwa wa Akili

Kutoka Rudewa hadi mjini Kilosa si mbali. Kwa msafiri mwenye afya njema, safari hiyo ni fupi. Kwa mama anayempeleka hospitali mwanawe aliyekesha usiku tatu akizungumza na asiowaona, akiwa amefungwa mikono kwa kamba ya katani, hakuna safari ndefu kuliko hiyo. Makala haya yanahusu mtu atakayempokea mwishoni mwake.

Aghalabu mtu huyo si daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Mabingwa hao ni wachache nchini, na wengi wao wako katika hospitali kubwa za mijini. Atakayempokea ni muuguzi. Ndiye atakayeuliza ugonjwa ulivyoanza, ndiye atakayeamua kamba ifunguliwe au la, ndiye atakayechoma sindano ya kwanza, na ndiye atakayeonana na mgonjwa huyo kila mwezi kwa miaka mingi ijayo. Katika wilaya zetu, muuguzi wa afya ya akili si msaidizi wa huduma. Yeye ndiye huduma yenyewe. Kwa hiyo hatuna budi, sisi tunaofundisha na tunaoajiri wauguzi, kumhimiza kila anayefanya kazi hii ajipatie cheti cha ubobezi, na kumfungulia njia ya kukipata.

Wapo watakaosema kwamba cheti ni karatasi, na kwamba uzoefu ndio mwalimu. Uzoefu una heshima yake, lakini tuupime kwa mgonjwa. Kilosa ni nchi ya malaria. Kijana anayeweweseka na kupiga kelele huenda ana malaria iliyopanda kichwani, au sukari imemshuka, au ametoka katika degedege la kifafa ambalo hakuna aliyeliona, au ameacha pombe ghafla baada ya kunywa kwa miaka mingi. Huenda pia ana skizofrenia. Mbele ya mlango wa zahanati, yote hayo hufanana. Anayeharakisha kumwita kichaa na kumtuliza kwa dawa anaweza kumlaza mgonjwa wa malaria asiamke tena.

Hata pale ugonjwa unapotambuliwa sawasawa, dawa nazo zina mitego yake. Saa chache au siku chache baada ya kuchomwa haloperidoli, baadhi ya wagonjwa hukakamaa shingo, macho yakageuka juu na ulimi ukawa mzito. Ndugu wakiona hivyo husema mashetani yamerudi kwa nguvu zaidi, nao humwondoa mgonjwa wao wasirudi tena. Muuguzi aliyebobea anajua kwamba hayo ni madhara ya dawa, na kwamba yana tiba. Zaidi ya hapo, huwa amewaonya ndugu mapema. Uzoefu unaweza kumfundisha mtu hayo, lakini humfundisha kwa gharama ya wagonjwa wa mwanzo. Mtihani wa ubobezi huyadai waziwazi.

Rudewa ina sababu yake ya pekee ya kudai ubobezi huu. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Miaka tisa baadaye, kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Maiti huzikwa na nyumba hujengwa upya. Lakini mtu anayeshtuka usiku kila asikiapo kelele, au aliyeacha kulima shamba lake kwa kuwa miguu inakataa kumpeleka huko, haonekani katika hesabu ya hasara. Akifika zahanati, hulalamika kichwa na tumbo, hupewa dawa ya maumivu, hurudi kwake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa huyu hakuficha. Amekosa wa kumsikia.

Mkoa wetu una historia ya kutukumbusha. Mpango wa taifa wa afya ya akili ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, Morogoro na Kilimanjaro ndiyo mikoa iliyochaguliwa kwa majaribio. Shabaha ilikuwa kuileta huduma karibu na nyumba ya mgonjwa, asilazimike kupelekwa Mirembe, Dodoma, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1927. Shabaha hiyo ingali sahihi. Lakini huduma ikisogezwa kijijini pasipo ujuzi kusogezwa pamoja nayo, tutakuwa tumesogeza jengo tu.

Wengine wamekwisha kupita njia hii. Nchini Kenya, muuguzi wa afya ya akili husajiliwa kwa jina la fani yake. Nchini Marekani, cheti cha muuguzi wa fani hii huhuishwa kila baada ya miaka mitano, asije akaishi kwa elimu iliyochakaa. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo imeweka utaratibu wa kumlaza mgonjwa kwa hiari yake na pasipo hiari yake. Atakayeutekeleza hana budi kuujua.

Basi nini kifanyike? Vyuo vyetu vipeleke mafunzo wilayani, kwa awamu fupi, kwa kuwa muuguzi aliye peke yake kituoni hawezi kuondoka miaka miwili. Halmashauri zimlipie ada, na cheti chake kionekane katika cheo na mshahara. La tatu ndilo lenye uzito zaidi: aliyebobea aachwe katika fani yake. Kumsomesha mtu afya ya akili kisha kumpanga wodi ya wazazi kwa sababu kuna upungufu ni kuchimba kisima na kukifukia. Natambua kwamba upungufu huo ni wa kweli, na mganga mfawidhi huamua huku akiwa amebanwa. Hata hivyo, mgonjwa wa akili ndiye anyang'anywaye kwanza, kwa kuwa ndiye asiyeweza kulalamika.

Na kwenu wauguzi wenzangu: msingoje barua ya mwajiri. Ulizeni nafasi za masomo, ombeni, rudieni vitabu. Mama wa Rudewa hatauliza cheti chenu. Ataangalia tu kama mnajua pa kuanzia, na kama kamba ile itafunguliwa.