Mlango wa Mzizi na Majivu Tunayotupa



Wavuvi wetu wa Baraka wanamjua kambare wa umeme wa Ziwa Tanganyika: ukimgusa, mkono unapigwa shoti. Batri hana. Mwilini mwake kuko seli nyingi zilizopangwa pamoja, kila moja imefunikwa na utando mwembamba sana wenye vijilango. Vijilango hivyo vinachagua chembe za chumvi zenye umeme, zinazoitwa ayoni: hii ipite, ile ibaki. Zikipita nyingi kwa mara moja, ndiyo shoti hiyo.

Wataalamu wanaiga utando huo. Mwaka 2017, watafiti wa Uswisi na Marekani walimwiga samaki mwingine wa umeme, wa Amerika Kusini. Walipanga vipande laini vyenye chumvi nyingi na vyenye chumvi kidogo, katikati wakaweka utando unaochagua ayoni. Walipata volti 110, lakini nguvu ilikuwa ndogo mno. Mashine ya kusaga muhogo haiwezi kuizungusha.

Basi hiyo tuwaachie kwanza. Kwa maoni yangu, somo letu liko kwenye mzizi wa muhogo. Nao uko na vijilango vya namna hiyo, vinavyoingiza potasiamu, chakula kinachosaidia muhogo kujaza wanga.

Lakini mlango hauwezi kupitisha kitu ambacho hakiko. Kila mavuno, potasiamu inaondoka ndani ya magunia kwenda sokoni. Maganda tunatupa njiani, majivu ya jikoni tunamwaga nyuma ya nyumba. Halafu tunalalamika eti udongo umechoka. Haujachoka, ndugu zangu. Tumeunyang'anya.

Kuna atakayesema majivu ni kidogo, shamba ni kubwa. Ni kweli. Ndiyo maana tuanze na kipande kimoja karibu na nyumba, na maganda yakusanywe na koperative yote pale tunapomenyea, yaozeshwe kuwa mboji. Kazi hiyo tusiwaachie akina mama peke yao. Majani yabaki shambani. Majivu yawekwe pakavu, maana mvua inaosha potasiamu yote. Usiyachanganye na samadi mbichi wala urea, nitrojeni itapotea hewani. Tena usiyazidishe, yanaweza kuharibu udongo.

Gunia la mbolea la mradi likija, tutashukuru. Lakini tusilingoje huku tukitupa mbolea yetu wenyewe kila asubuhi.