Hujaji wa Kakonko: basi ni refu kuliko ndege

Kila msimu wa Hijja unapokaribia, swali kubwa misikitini huku Kakonko, Kibondo na Kasulu ni hili: Jeddah ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua saa ngapi? Jibu ni jepesi. Dar es Salaam hadi Jeddah kwa anga ni kama kilomita 3,150, na ndege isiyotua njiani hutumia takriban saa tano. Tena saa za huko ni zile zile za kwetu, hivyo usingizi hauvurugiki kama wa anayekwenda Marekani.

Lakini safari ya hujaji wetu haianzii uwanja wa ndege. Inaanzia stendi ya Kakonko. Kupitia Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, mzee kakunja magoti mchana kutwa na sehemu ya usiku. Hatari iko hapo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa kukaa bila kujinyoosha kwa saa nne au zaidi huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya ndani ya miguu, iwe kwenye ndege, basi, treni au gari dogo. Wanaopatwa ni wachache, kama mmoja katika wasafiri 6,000, ila uzee, unene na upasuaji wa karibuni huzidisha hatari. Bonge hilo likifika mapafuni huweza kuua.

Wazee wetu, hasa akina mama, huacha kunywa maji wakiogopa kumwomba dereva asimame wachimbe dawa. Stara ni jambo la dini, siwalaumu. Ninaowalaumu ni viongozi wa misafara wasiokubaliana mapema na kondakta kuhusu vituo vyenye vyoo safi na maji. Mzee akishuka, akatawadha na kuswali, miguu imepata mazoezi. Ruhusa ya msafiri kukusanya swala isiwe sababu ya kuganda kitini.

Wapenda karamu za kuwaaga mahujaji wanisamehe: fedha ya ule wali ingelipia usiku mmoja wa kulala Dodoma na siku mbili za kupumzika Dar. Tena chanjo ya homa ya uti wa mgongo inatakiwa ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia, hivyo anayeondoka hapa dakika za mwisho bila chanjo anajitafutia kuzuiwa.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kupata joto, usichuliwe wala kukandwa. Nenda hospitali. Na mwenye kubanwa kifua au kukosa pumzi ghafla apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama basi linaondoka.