Ndoa Si Mahali pa Kumtua Yatima



Leo nasema bila kuzunguka. Kuna tabia tumeivika nguo ya dini: binti yatima akitimiza miaka 18 na kutakiwa atoke kwenye makao ya watoto, tunamtafutia mume haraka haraka. "Mwozeni tu, asitirike." Mimi nashona magauni ya maharusi, ndiyo riziki yangu. Lakini binti anayeolewa kwa kukosa pa kulala hajasitiriwa. Shida yake imefunikwa shela tu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sawa. Lakini nani kati yetu alilala mtoto akaamka anajua kulipa kodi ya chumba, kupanga bei ya kazi yake na kumkatalia mwanamme mwenye nia mbaya? Watoto wetu wa kuzaa tunawapa miaka ya kujifunza. Yatima tunampa begi.

Kwetu Tabora tungelijua hili kuliko wote. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora, ikatafuta chakula na wapagazi wapya. Livingstone mwaka 1872 alikaa miezi mitano Kwihara, jirani na mji, akisubiri wapagazi. Mzee mzoefu wa safari alihitaji kituo, binti wa miaka 18 asihitaji? Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, watu wasioulizwa wanataka kwenda wapi. Yatima wetu tunamsafirisha kama nani?

Na dini tunayoisingizia imeshatuonyesha. Surat An-Nisaa, aya ya 6, inatuamrisha tuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na tukiona wamepevuka akili ndipo tuwakabidhi mali zao. Umri peke yake hautoshi.

Kinachotakiwa si kasri. Ni nyumba ya vyumba vichache, mama mlezi anayeheshimika, saa ya kurudi inayojulikana, na kazi ya mikono. Chuo cha VETA kipo Tabora, lakini cheti hakilaliwi. Mwanzo asilipe kitu, baadaye achangie kodi kidogo kidogo, huku akiandika daftari la mapato na matumizi. Mwaka mmoja au miwili. Mposaji akija, amkute ana kazi na ana kauli: akikubali, amekubali kwa hiari, na mahari yake ataipokea mwenyewe.

Mtasema wasichana kukaa bila wazee ni fitna. Kwani fitna kubwa si kumwacha alale kwa hisani ya mtu asiye maharimu wake?

Wenye karakana, tuchukue mwanafunzi mmoja mmoja. Wenye nyumba, wekeni chumba kimoja wakfu. Nawe biharusi unayetaka kuagiza gauni la tatu, agiza cherehani badala yake, umpe binti anayetoka kwenye makao.