UFUNGUO WA BWENI U KWA NANI?

Mzazi ampelekapo mwanawe shule ya bweni humkabidhi kwa walimu kama amana. Amana hiyo imepotea zaidi ya mara moja. Mwaka 1994 wasichana 42 waliteketea kwa moto bwenini Shauritanga, Kilimanjaro. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, nchini Kenya: mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Nondo hizo huwekwa kwa nia njema, ya kuwazuia wezi. Lakini moto ukizuka, ngome hugeuka gereza. Godoro lililoibwa laweza kununuliwa jingine. Roho ya mtoto hainunuliwi.

Mwongozo wa usalama uliotolewa Kenya mwaka 2008 waagiza milango ya mabweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, na vitanda viachane kwa mita 1.2. Hata hivyo, mwaka 2024 wavulana 21 walikufa bwenini Endarasha, Nyeri. Maandishi peke yake hayazimi moto.

Kwa hiyo twawasihi wazazi na kamati za shule zetu wasingoje mkaguzi. Waende bwenini usiku, waulize ufunguo u kwa nani, na nondo zing'olewe. Walezi na walinzi nao wafundishwe kuwatoa watoto gizani, kwani maisha yao pia yamo hatarini. Jambo hili halitaki fedha nyingi, lataka moyo. Tusingoje majuto, ambayo siku zote ni mjukuu.