Mali Bila Daftari: Kwa Nini Mwanafunzi wa Kiswahili Aziandike Ndoto Zake

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hunukuliwa zaidi katika mambo ya biashara, na huenda ndiyo sababu sisi wa fasihi hatujaitwaa kuwa yetu. Hata hivyo, ipo mali ambayo kila msomaji wa jarida hili huipata usiku na kuipoteza kabla hajamaliza kupiga mswaki. Mali hiyo ni ndoto. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuwa na daftari la ndoto, alijaze kila aamkapo, na alijaze kwa Kiswahili.

Yamkini msomaji atacheka. Ndoto, atasema, ni za kuaguliwa au za kusahauliwa. Hebu basi tuitazame lugha yenyewe. Kiswahili hakikuridhika na neno moja. Tuna ndoto na njozi. Tuna ruya, lenye asili ya Kiarabu. Tuna jinamizi, linalomkalia mtu kifuani hata ashindwe kupiga ukemi. Tuna kuweweseka kwa asemaye usingizini na maruerue ya aliye macho. Hata mtu anayejihesabia utajiri ambao hajaupata huambiwa anaota ndoto za Alinacha, msemo uliotokana na kisa cha Alfu Lela Ulela kuhusu mchuuzi wa vyombo vya kioo aliyezama katika fikra za ukwasi hadi akaipiga teke bidhaa yake mwenyewe. Watu wasiolijali jambo hawaliundii msamiati wa kiasi hicho.

Wala kuziandika ndoto si uzushi wa leo. Mtawa Myōe wa Japani, aliyeishi kati ya mwaka 1173 na 1232, aliziandika zake kwa miaka mingi. Ibn al-Banna, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 11, alizitia ndoto katika shajara yake pamoja na habari za misiba na siasa za mji. Mwandishi Mwingereza Graham Greene, aliyefariki mwaka 1991, aliacha kumbukumbu za ndoto ambazo sehemu yake ilichapishwa mwaka 1992. Hawa hawakuwa watu wa kupoteza wino.

Sayansi nayo imetueleza kwa nini kazi hii haingoji. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kuwa kuna vipindi vya usingizi ambapo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba anayeamshwa katika vipindi hivyo mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Vipindi hivi hujirudia takriban kila dakika 90 na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndiyo maana ndoto tunazozikumbuka nyingi ni za karibu na kuamka, na ndiyo maana asiyeandika papo hapo hubaki na vipande tu.

Hoja yangu kuu, hata hivyo, haihusu usingizi, inahusu lugha. Tujiulize: Kiswahili chetu sisi tunaokisomea tunakitumia wapi? Tunakiandika katika insha, katika mitihani na katika tasnifu, yaani pale tu ambapo kuna mtu anayesubiri kukisahihisha. Barua za mapenzi tunaziandika kwa Kiingereza au kwa Sheng. Sala na matusi tunayatoa kwa lugha za mama. Matokeo yake ni kwamba wengi wetu tuna Kiswahili cha hadharani kisicho na chumba cha ndani. Kisha tunashangaa kwamba hadithi tunazozituma mashindanoni zina sarufi safi na hazina damu. Daftari la ndoto ni chumba hicho. Humo hakuna mtahini.

Na anayeingia humo hukutana mara moja na maswali ambayo darasani huyasoma kwa mbali. Ndoto haina Paukwa wala haina Pakawa. Haina sababu inayozaa tokeo. Je, niisimulie kwa -ka-, kiambishi kinachopanga tukio baada ya tukio, ilhali katika ndoto mambo mawili yalikuwa yakitukia mahali pamoja kwa wakati mmoja? Nitoe mfano kutoka daftari langu. Usiku mmoja niliota kabati la marehemu nyanya limesimama ng'ambo ya mto, nami nikaandika hivi nilipoamka: "Kabati likaniita kwa jina langu la utotoni, akaniuliza kama nimekula." Mwalimu wa sarufi ataipigia mstari mwekundu sentensi hiyo, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi umehama katikati ya safari. Lakini uhamaji huo ndio ndoto yenyewe: kilichoita kilikuwa kabati, na aliyeuliza alikuwa nyanya. Ningesawazisha ngeli, ningeipoteza habari.

Aliyewahi kupambana na tatizo kama hilo kwa mkono wake atazisoma Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, au Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila, kwa jicho jingine. Wanafunzi wengi hulalamika kuwa riwaya hizi hazishikiki: wahusika hutokea na kutoweka, mahali hubadilika bila safari. Mwenye daftari hatalalamika hivyo. Ataona kuwa mantiki inayomtisha kitabuni huilalia kila usiku.

Kuna faida nyingine, nayo ni ya kijamii. Mwanahabari Charlotte Beradt alizikusanya kwa siri ndoto za watu mjini Berlin tangu mwaka 1933, Hitler alipotwaa mamlaka, hadi alipoikimbia nchi mwaka 1939. Aliziandika kwa mafumbo: Hitler alimwita Mjomba Hans, na kukamatwa akakuita mafua. Kitabu chake kilitoka mwaka 1966, nacho kinatuonyesha jinsi utawala wa mabavu ulivyoingia hadi chini ya blanketi. Sisi Wakenya tulipitia ghasia za mwaka 2007 na 2008. Ushahidi wa nyumba zilizochomwa na watu waliohamishwa ulikusanywa. Hofu iliyowarudia watu usiku, je, nani aliiandika, na kwa lugha gani? Fasihi ingepaswa kuwa na jibu.

Wapo watakaopinga kwa misingi ya imani. Katika mafundisho ya Kiislamu, kwa mfano, ndoto mbaya haisimuliwi kwa watu. Ninaliheshimu hilo, wala sipendekezi kwamba madaftari yasomwe darasani. Anayeona ndoto fulani haifai kuandikwa na aiache. Wapo pia watakaosema kuwa tutazalisha waaguzi badala ya wahakiki. Hao ningewajibu kuwa kuandika na kuagua ni kazi mbili. Mwenye daftari anatakiwa kusema alichokiona, basi. Maana, ikiwa ipo, itangoja.

Taratibu zenyewe ni nyepesi. Weka daftari na kalamu karibu na mto. Uamkapo usiinuke, kwanza andika maneno matatu au manne ya kukushikia ndoto, kisha ijaze. Neno likikukosa, usikimbilie Kiingereza. Liache pengo, ulitafute mchana kwa wazee, kwa wenzako wa pwani au katika kamusi. Usirembe, usisahihishe. Baada ya muhula mmoja hesabu mapengo yaliyojazwa. Hayo ni maneno ambayo hakuna mhadhiri aliyekupa, na ambayo hutayasahau, kwa kuwa uliyahitaji.

Vyama vyetu vya Kiswahili hupigania lugha hii ipewe nafasi bungeni, mahakamani na katika mashirika ya kimataifa, na ni vyema. Lakini lugha isiyo na nafasi mtoni pa kulalia pa msomi wake haitadumu kwa kupewa ukumbi wa mikutano. Tuanzie hapo, usiku wa leo.